Ruta ya nyumbani yenye mtandao wa wageni: ipi uanze nayo

Ukimpa mgeni pasiwedi ya waifai yako, umempa pia njia ya kuifikia kamera, printa na kompyuta yenye picha za familia. Ndiyo maana ruta hizi nimezipanga kwa kigezo kimoja: je, inawatenga wageni na vifaa vyako kweli, au inatoa jina la pili la waifai tu?

Kabla hujatoa hela, kijaribu kifaa ulichofungiwa na kampuni ya faiba. Vingi vinaruhusu jina la pili. Unganisha simu kwenye jina hilo, kisha fungua anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) ya printa au kamera yako kwenye kivinjari. Ikifunguka, huna mtandao wa wageni, na hapo sasa una sababu ya kwenda dukani.

Ya kwanza kwangu ni TP-Link Archer C6. Ina bendi (masafa ya waifai) mbili, 2.4 na 5 GHz, na matundu ya waya ya gigabiti, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde, kwa hiyo haikubani hata ukipandisha kifurushi. Kwenye mipangilio ya wageni kuna ruhusa mbili: wageni kuonana wao kwa wao, na wageni kuufikia mtandao wa ndani. Zote mbili zizime.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Waya kutoka kifaa cha faiba uingie kwenye tundu la WAN (la kupokelea intaneti) la ruta mpya, na ruta ibaki kuwa ruta, isigeuzwe akses pointi, yaani kifaa cha kusambaza waifai tu. Kwenye ruta nyingi za bei nafuu, ukiigeuza hivyo utengano unaweza kupotea. Kisha hamisha kila kitu. Televisheni au kamera iliyobaki imechomekwa kwenye kifaa cha kampuni iko nje ya ukuta wako, na mgeni anaweza kuifikia. Zima waifai ya kifaa hicho na ubadilishe pasiwedi yake ya usimamizi.

Ya pili ni TP-Link Deco M4, seti ya vifaa vinavyosambaza mtandao mmoja, kwa nyumba ya ghorofa au zile zenye kuta nene za mawe kama za Mji Mkongwe, ambako ruta moja haitoshi. Unaweka vifaa viwili au vitatu, na mtandao wa wageni unafika kote. Ndugu yake, Deco E4, matundu yake yanaishia megabiti 100 kwa sekunde. Kama kifurushi chako kinazidi hapo, iache.

MikroTik hAP ax² naiweka ya tatu, ingawa kwa uwezo inazishinda zote. Mwenye vyumba vya kupangisha anaweza kumpa kila mpangaji mtandao wake na kiwango chake cha kasi. Lakini inahitaji fundi anayeijua; ikipangwa vibaya, mlango unabaki wazi bila wewe kujua.

Ripita usinunue kwa kazi hii. Inarefusha mtandao ulionao, pamoja na kasoro zake.