Simu mpya haina tundu la hedifoni, sasa ununue nini ukiwa huku mwisho wa reli

Dogo wangu kanunua simu juzi, Samsung A16, kaja nayo nyumbani Mwanga anachekelea, akachukua hedifoni za mama za waya ili amuwekee mahubiri yake, basi nikamuona anaizungusha ile simu mkononi kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Juu hakuna, chini kuna la chaji tu, pembeni hakuna. Mama akauliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu haya masikio yanaingia wapi?" Dogo kimya.

Nimecheka lakini na mimi yalinikuta hayohayo mwaka juzi, na kabla sijapata kinachonifaa nimeshatupa hela kwenye vitu vinne, kwa hiyo naandika ili wewe usitupe. Nitavipanga kuanzia ambacho ningekuambia ukanunue leo mpaka ambacho ningekuambia kaa nacho mbali, na nawalenga watu wa huku Kigoma, wanaopanda treni, wanaopanda boti Kibirizi, wanaokatikiwa umeme. Wa Dar mna mambo yenu.

Kwanza jamani hili tundu liliondoka vipi. Lile la duara ni la milimita 3.5, ni la tangu enzi za redio ndogo za mkononi, halafu Walkman ya Sony ya 1979 ikalisambaza dunia nzima. Kuna simu chache zililitoa mapema, Oppo walishatoa moja bila tundu mwaka 2012, ila aliyefanya watu wapige kelele ni Apple na iPhone 7, Septemba 2016. Bosi wao wa masoko wa wakati huo, Phil Schiller, alisimama jukwaani akasema sababu ni ujasiri. Ujasiri! Siku hiyohiyo wakatangaza AirPods, yaani mtu anaziba mlango wa mbele halafu anakuuzia ngazi ya kupitia dirishani. Samsung wakamcheka kwenye matangazo yao, halafu 2019 wakatoa Note 10 bila tundu na wao, kimyakimya. Sababu wanazotoa ni kwamba linakula nafasi ndani ya simu na kwamba maji yanapita, hiyo ya nafasi naikubali, ya maji mimi sijaikubali mpaka leo maana Galaxy S7 ya 2016 ilikuwa na tundu na ilikuwa inavumilia maji vizuri tu.

Ilianza kwa simu za bei mbaya, sasa imeshuka mpaka kwetu. A14 ina tundu, A15 ina tundu, A16 haina. Ndiyo maana dogo kanaswa, yeye alijua namba ikipanda kila kitu kinaongezeka.

Kwa hiyo kama bado hujanunua simu, namba moja yangu wala si kifaa, ni kununua simu ambayo bado ina tundu. Zipo kibao na ndizo za bei ya kawaida, Tecno, Infinix, itel na Redmi wanazo nyingi tu, igeuze simu dukani uangalie kwa macho yako usimsikilize muuzaji. Na nikwambie kwa nini nasisitiza. Redio. Redio ya FM kwenye simu inatumia ule waya wa hedifoni kama antena, ukifungua redio bila kuchomeka inakuandikia chomeka hedifoni kwanza, wala si kwamba inakusumbua, inataka waya wa kunasia mawimbi. Ukiwa na tundu unachomeka hata hedifoni mbovu iliyokufa masikio yote mawili, unaweka sauti kwenye spika, wote mnasikiliza mpira. Mjomba wangu kule Ujiji ana waya mmoja umekatwa masikio kabisa umebaki mkia, kazi yake ni hiyo tu mwaka wa tatu huu. Simu isiyo na tundu mara nyingi hata redio yenyewe haina, na iPhone ndiyo kabisa hutaikuta. Utaniambia sikiliza kwa intaneti, sawa, bando unaninunulia wewe? Na ukishatoka na boti kuelekea Mwamgongo ukapita kule Gombe huo mtandao unaoujua unakuwa wa kubahatisha.

Haya, tuseme simu umeshanunua kama dogo. Hapa ndipo orodha inaanza.

Ya kwanza kwangu ni zile hedifoni za shingoni, za Bluetooth, zenye kamba inayozunguka shingo na masikio mawili yana sumaku yanagandana kifuani. Najua vijana wanaziona za kizee. Mimi nimesafiri nazo treni ya Kigoma mpaka Tabora nasikiliza usiku kucha nikashuka bado zina chaji, maana betri yake imekaa kwenye ile kamba, ni kubwa kuliko ya kidude cha kuingia sikioni, zangu zinagonga saa kumi na tano na zaidi kwa chaji moja. Na hazipotei. Ukilala zinaning'inia, ukiitwa unachomoa unaachia zinaanguka kifuani, boda akipita kwenye tuta ziko palepale. Tundu la chaji la simu linabaki wazi kwa hiyo unaweza kuchomeka pawa benki huku unasikiliza, jambo ambalo utaliona umuhimu wake nikifika kwenye za taipu C. Zangu nilinunua 18,000 na zina mwaka na nusu. Ubaya upo, ukiangalia video kwenye simu za kawaida mdomo unaweza kutangulia sauti ikafuata, kwenye muvi simu nyingi zinasawazisha zenyewe ila kwenye gemu utakufa kabla hujasikia risasi. Na betri inazeeka, hiyo haina dawa. Dukani angalia kitu kimoja, tundu lake la kuchajia liwe taipu C sawa na la simu, usibebe chaja mbili kwa ajili ya kamba ya shingoni.

Ya pili ni adapta, kile kiwaya kifupi upande mmoja taipu C upande mwingine tundu la duara. Hiki ni kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana hedifoni nzuri za waya anazipenda, mfano mama, hataki kujifunza mambo ya kuunganisha. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wengi wanapopigwa, na mimi nilipigwa.

Sauti ndani ya simu imekaa kama namba, sikio halisikii namba, linasikia mtetemo, kwa hiyo lazima kuwe na chipu ya kugeuza namba ziwe umeme wa sauti. Zamani chipu hiyo ilikuwa inafanya kazi ndani ya simu halafu sauti inatokea kwenye tundu. Sasa zipo simu za taipu C, kama baadhi ya Huawei na Xiaomi za zamani, ambazo zinaitoa hiyo sauti iliyokwisha geuzwa kupitia tundu la chaji, hizo adapta yoyote ya waya mtupu inafanya kazi. Lakini Samsung mpya na Pixel hazitoi, zinataka adapta yenyewe ndiyo iwe na chipu ndani. Na adapta zote mbili ukiziangalia kwa nje ni kama mapacha! Nilinunua kwenye meza moja ya barabarani, 3,000, nikafika nyumbani nachomeka, simu inaniangalia tu, sauti inaendelea kutoka kwenye spika. Nikarudi naambiwa "simu yako ndiyo mbovu kaka". Nikanunua nyingine 5,000, ileile. Ya tatu kwa fundi simu ndiyo akanielewesha, akaniambia dai yenye DAC, hilo ndilo jina la hiyo chipu, na ujaribu hapohapo kabla hujatoa hela. Ile iliyofanya kazi ilikuwa 12,000 na sauti yake ni safi kuliko hata simu yangu ya zamani yenye tundu, nakiri. Kwa hiyo hesabu yangu ya adapta ni 20,000, ningenunua kamba ya shingoni tangu siku ya kwanza na chenji ikabaki.

Mwenye iPhone ya kabla ya 15 wewe tundu lako ni Lightning, hii taipu C haikuhusu, tafuta yake. iPhone 15 ya mwaka 2023 kuja juu ndiyo wameingia taipu C kama binadamu wengine.

Nafasi ya tatu nazipa hedifoni za waya zenye pini ya taipu C moja kwa moja. Ziko poa kwa sauti, hazichajiwi, hazichelewi kwenye video, kwa maneno matupu zilipaswa kuwa za kwanza. Nimezishusha kwa mambo mawili. Moja, ukisikiliza huchaji na ukichaji husikilizi, sasa simu iko asilimia 9 uko Uvinza na treni imesimama kupisha nyingine, utachagua nini. Pili, kila siku unachomeka unachomoa, unaivuta ukigeuka kitandani, na lile ndilo tundu pekee la kuchajia, likilegea ndiyo unasikia sistimu chaji imekufa unaenda kwa fundi. Zamani tundu la hedifoni likifa ulikuwa umekosa muziki tu. Sasa hivi unakosa simu. Kama unasikilizia ofisini umetulia mezani hiyo hoja ya pili haikugusi sana, chukua. Na usidhani utapata redio kwa kuwa zina waya, kwenye simu nyingi waya wa taipu C haunasi FM.

Hapohapo kuna kituko lazima nikitaje. Kuna hedifoni za iPhone za bei poa zenye waya kabisa na pini kabisa, ukizichomeka zinakuambia washa Bluetooth. Ndiyo, waya upo, ila kazi yake ni kuvuta umeme tu, sauti inapita hewani. Zilimkuta rafiki yangu akabishana na muuzaji nusu saa. Ukiambiwa dukani "washa Bluetooth kwanza" na umeshika kitu cha waya, kirudishe mezani.

Sasa tuje kwenye vile vidude viwili visivyo na waya vinavyolala kwenye kiboksi, ambavyo kila mtu anaviita AirPods hata kama kimeandikwa jina lisilosomeka. Hivi ndivyo kila mtu anavitaka na mimi naviweka nafasi ya nne, nirushieni mawe. Vya kampuni inayojulikana viko vizuri, Oraimo wana vya bei ya kati vinavyokaa sikioni na watu wengi hapa mjini wanavyo, sibishi. Tatizo langu ni maisha ya huku. Kidude kina betri ndogo kama punje, ni saa nne tano kinataka kurudi kwenye kiboksi, na kiboksi nacho kinataka umeme, umeme ukikatika siku nzima una vitu vitatu vya kuchaji badala ya kimoja. Halafu vinapotea. Binamu yangu alikuwa kwenye boti anatoka Kibirizi, akageuka kumuitikia mtu, sikio la kulia likaenda kukaa na migebuka. Ziwa Tanganyika lile lina kina cha zaidi ya mita 1,400, hata usijisumbue kuinama. Likipotea moja kwa vile vya bei ndogo hakuna wa kukuuzia moja, unanunua jozi nzima. Na vile vya 10,000 vinavyofanana kabisa na vya Apple mpaka vinatoa picha kwenye skrini, maiki yake ukipiga simu unayeongea naye anasikia upepo na jogoo wa jirani, wewe hakusikii.

Ukivitaka bado, basi nunua ambavyo unaweza kutumia sikio moja peke yake bila lingine, unasikiliza la kulia la kushoto linachaji, zinadumu mara mbili. Hiyo nimeiona kwa jamaa wa boda na sikio lingine linabaki kusikia honi, ingawa mimi ningesema wakati wa kuendesha toeni yote mawili tu.

Hedifoni kubwa za kufunika masikio, nzuri, betri inakaa, nyingi zina tundu la waya kwa hiyo ukiishiwa chaji unachomeka adapta unaendelea. Ila joto. Na kwenye daladala unaonekana rubani. Za studio na za kusomea usiku, siongezi.

Mwisho kabisa, chini ya vyote, ni kile kidude cha njia mbili kinachogawa tundu moja kuwa la chaji na la hedifoni kwa pamoja. Wazo tamu, ndiyo dawa ya shida yote niliyoieleza, lakini vya meza za barabarani nilivyojaribu viwili, kimoja kilipitisha sauti kikakataa chaji, kingine kilichaji huku kinakwaruza sikioni kama mahindi yanakaangwa. Kikiwa cha kampuni nzuri huenda kikafaa ila bei yake sasa unakaribia kununua kamba ya shingoni pamoja na soda.

Ukienda kununua chochote kati ya hivi nenda na simu yako, si ya muuzaji, maana ya kwake imeshazoeana na bidhaa zake. Cheza kitu chenye watu wanaongea, sikiliza kulia peke yake, kushoto peke yake. Piga simu kwa mtu toka nje kwenye kelele za soko umuulize anakusikiaje. Cha waya kizungushe pale shingoni mwa pini wakati kinacheza, kamba hukatikia pembamba, kikikatakata sasa hivi nyumbani kitakufa kesho. Muuzaji akinuna mwache anune.

Mama yeye tumemmalizia hivi: A16 ya dogo tumeiacha na dogo, kapewa itel yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka kwenye kona, tundu lake zima, redio inashika. Hedifoni zake zilezile. Dogo ndiye sasa anakuja kuazima.