Turpan: Jiaohe nenda hata kesho, mapango jipange kwanza

Mimi China naendanga Guangzhou tu, nanunua mikoba ya kina mama ya kuuza Kamukunji, nafunga mzigo narudi. Safari hii ya Julai nikasema acha nijipe siku kadhaa nione kule misafara ya hariri ilikuwa inapita. Kuna agenti hapo tao akaniuzia pakeji ya Turpan, mji wa jangwani kaskazini magharibi mwa China, "miji miwili ya kale na mapango 77 ya Wabudha, yote siku moja". Siku moja! Hapo ndo ningeshtuka lakini nililipa, na salio nikamtumia na Mpesa nikiwa kwa mat.

Kwanza joto. Sisi Nairobi tuko juu, karibu mita 1,800, tumezoea kuvaa sweta Julai. Turpan iko kwa bonde ambalo sehemu yake ya chini kabisa ni mita 154 chini ya usawa wa bahari, na mvua ni kama haijui njia ya huko. Lodwar ni cha mtoto. Beba kofia, beba maji, usijifanye.

Tukaanza na mapango, yanaitwa Bezeklik, yako kwa korongo katikati ya milima myekundu inaitwa Milima ya Moto. Agenti hakudanganya, mapango ni 77 kweli, yamechongwa kuanzia karne ya 5 hadi ya 14. Kitu hakusema ni kwamba mengi yamefungwa! Tulioneshwa machache sana na picha ni marufuku, simu inakaa mfukoni. Na hata hayo machache, unaingia unatoka kwa jua unangoja macho yazoee giza, halafu unaona Buddha amekwanguliwa macho, mwingine hana uso kabisa, ukigeuka upande ule mwingine hakuna hata Buddha, ni udongo mtupu pale mchoro ulikuwa. Mwaka 1905 Mjerumani anaitwa Albert von Le Coq alikuja na watu wake, wakakata michoro na msumeno vipande vipande, wakapakia kwa masanduku hadi Berlin. Ile mikubwa ikagandishwa na simiti kwa ukuta wa makumbusho huko, so vita ya pili ya dunia ilipokuja haikuweza kutolewa, mabomu yakaimaliza. Nilisimama mbele ya huo udongo nikawaza vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao za kukumbuka wafu, vile vilivyoibwa huko Pwani vikaishia kwa makumbusho ya Marekani. Angalau vingine vyetu vimerudi.

Kwa hivyo mapango: ukitaka rangi na picha za kupost, utaudhika. Mimi sikuudhika na mapango, niliudhika na agenti.

Gaochang, mji wa kwanza kati ya ile miwili ya kale, ni kubwa na imechoka, kuta za udongo zimelika na upepo, mahali pengine huwezi jua kama ni nyumba ama ni kichuguu. Ilinisaidia stori ya mtembezaji. Ati karibu mwaka 630 mtawa Xuanzang alipita hapo akielekea India kutafuta vitabu vya dini, mfalme akampenda akakataa kumwachilia, jamaa akagoma kula siku tatu mpaka mfalme akanywea, akampa farasi na mali ya njiani, ila aahidi kurudi. Sasa kumbe 640 jeshi la Tang, ukoo uliokuwa unatawala China, likauchukua huo ufalme, mtawa akirudi hakuna mfalme wa kurudia. Hiyo stori ndo ilinifanya nitembee Gaochang yote kwa miguu badala ya kupanda kale kagari ka umeme.

Lakini Jiaohe, ule mji wa pili, wacha tu. Mji mzima uko juu ya kilima kirefu kama meli, mito inapita pande zote mbili, maporomoko yanafika mita 30, kwa hivyo hawakuhitaji hata ukuta wa kujikinga. Na nyumba nyingi hazikujengwa, zilichimbwa! Walianza juu wakashuka, barabara ni mtaro, chumba ni shimo, ule udongo umebaki ndo ukuta. Ukipita kwa ile barabara kuu kuta zimekupita kichwa na sauti za watu zinapotea, mtu yuko hatua kumi kona ya pili na humsikii. Fika jioni, na usiogope kuchelewa, China yote inatumia saa za Beijing so huko Julai jua linazama karibu saa nne usiku. Sisi tulipewa dakika arobaini. Arobaini! Dereva anapiga honi kama makanga wa Rongai.

Chakula sina neno, ni mishkaki ya kondoo na mkate wa tanuri, Waislamu wa huko Wauyghur wanapika halali. Mama mmoja aliniuzia zabibu kavu, wanazikausha kwa vijumba vya matofali vyenye matundu upepo upite, nikamlipa akasema "rehmet". Nikadhani ananiombea rehema, kumbe ni asante yao.

Pasi usiache hotelini, utaulizwa mara nyingi. Treni ya kasi kutoka Urumqi, mji mkubwa wa huko, ni kama saa moja tu, so tiketi unajinunulia, agenti wa nini? Lala Turpan usiku mbili, mapango asubuhi mapema, Jiaohe siku yake peke yake.

Jiaohe nyota 5, Gaochang 4, mapango 3. Agenti bado hajajibu meseji yangu.