Mafunzo ya kumsafirisha mgonjwa kwa njia ya igizo: tathmini ya mwalimu wa wauguzi, Arua

Mafunzo haya mafupi, yanayotolewa katika chumba cha mazoezi cha chuo kimoja cha uuguzi hapa Arua, ninayapendekeza kwa kila mwalimu anayewaandaa wauguzi wa West Nile, eneo letu la kaskazini-magharibi mwa Uganda. Sababu yangu kubwa ni kwamba walioyatunga hawakuishia mlangoni mwa wodi. Mazoezi mengi ya aina hii huanza kitandani na kukoma pale mgonjwa anapolazwa kwenye machela. Hapa iliigizwa safari nzima: kumhamisha mgonjwa, kumpitisha koridoni, kumpakia garini, kungoja kivuko, na hatimaye kumkabidhi kwa wauguzi wa hospitali inayompokea.

Mgonjwa wa zoezi kuu alikuwa mama mwenye kifafa cha mimba, aliyepewa rufaa kutoka Moyo kwenda Gulu kupitia Adjumani. Aliyewahi kufanya kazi upande ule anajua kwamba njia hiyo huvuka Mto Nili kwa kivuko cha Laropi, na kwamba gari la wagonjwa linaweza kufika gatini likakikuta kivuko kiko ng'ambo. Nafasi ya mama ilishikwa na mkunga mstaafu, akiwa amebandikwa dripu mkononi na mfuko wa mkojo ukining'inia ubavuni mwa kitanda, huku presha na mapigo ya moyo yakisomeka kwenye skrini ambayo mwelekezi aliiendesha kwa tableti. Nilifurahi kwamba walimtumia mtu, kwa kuwa sanamu haiogopi.

Sehemu iliyofundisha zaidi ilikuwa hesabu ya oksijeni. Mtungi mdogo wa aina ya E, ukijaa, hubeba takriban lita 680. Wanafunzi walipewa mtungi ambao mshale wa geji ulisimama katikati, pamoja na agizo la lita 5 kwa dakika. Kundi la kwanza liliupokea likaondoka nao. Katika kundi la pili, msichana mmoja aliuinamia mtungi, akabandika kipande cha plasta juu yake na kuandika kwa kalamu: lita 340, dakika 68. Akamuuliza mwenzake kivuko huweza kuchelewa kwa muda gani, kisha akaomba mtungi mwingine kabla machela haijasogea. Kundi la kwanza lilikuwa bado linangoja kivuko mwelekezi alipotangaza kwamba mtungi umekwisha, na mama akaanza kudegedeka. Nimeifundisha hesabu hiyo darasani mara nyingi, lakini sijawahi kuona ikieleweka kwa haraka namna ile.

Dawa nazo hazikuachwa. Ilisisitizwa kwamba dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, yaani gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, itangulie safari, kwamba mama alale ubavu wa kushoto, kwamba pumzi zake zihesabiwe njiani na zisipungue 16 kwa dakika, na kwamba kalsiamu glukoneti, dawa ya kukabili magnesiamu ikizidi mwilini, iwe karibu na mkono wa muuguzi, isiwe chini ya sanduku.

Makosa madogo yalijitokeza yenyewe bila kutegewa. Kijana mmoja alishusha ukingo wa kitanda kabla ya kufunga breki; kitanda kikarudi nyuma kidogo, na yule mkunga akamshika shati kwa nguvu. Mwingine aliuweka mfuko wa mkojo juu ya tumbo la mgonjwa ili usiburuzike, akisahau kwamba mkojo hurudi kwenye kibofu mfuko unapokuwa juu yake. Waelekezi walinyamaza, wakaandika, na kuyaleta yote katika mazungumzo ya baada ya zoezi, ambayo yalikuwa marefu kuliko zoezi lenyewe, kama inavyopasa. Swali la kwanza hawakuwauliza wanafunzi. Walimuuliza mgonjwa, naye akajibu kwamba tangu aguswe hadi alipokabidhiwa, hakuna aliyemwambia anapelekwa wapi. Chumba kizima kilikaa kimya, na katika mzunguko uliofuata kila kundi lilianza kwa kumwamkia na kumweleza.

Makabidhiano yalifuata utaratibu ambao asili yake ni manowari za jeshi la majini la Marekani: hali ilivyo sasa, historia ya mgonjwa, tathmini ya muuguzi, na anachopendekeza. Wanafunzi waliushika vizuri. Zoezi la mtoto mchanga lilikuwa fupi. Lilitumia NeoNatalie, sanamu ya kampuni ya Laerdal ya Norway inayojazwa takriban lita 2 za maji ya uvuguvugu ili iwe na uzito wa mtoto, na lilitosha kuonyesha namna ya kumfunga mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wakati wa safari.

Nina malalamiko mawili. Kwanza, ndugu wa mgonjwa hawakuwemo kabisa. Katika hospitali zetu ndugu ndiye anayesaidia kunyanyua, anayebeba beseni na godoro, anayepanda garini na kuuliza maswali ambayo muuguzi hana budi kuyajibu huku mikono yake ikiwa kazini. Pili, dereva aliwakilishwa na kiti kitupu, ilhali dereva ndiye mshikaji wa pili wa machela, na mwendo wake kwenye barabara ya vumbi unaweza kuchomoa dripu iliyofungwa vibaya.

Vifaa, kwa upande mwingine, havipaswi kumtisha mwalimu yeyote. Gari lilikuwa mabenchi yaliyopangwa kwa vipimo vya sakafu ya gari la wagonjwa, na kivuko kilikuwa mstari wa chaki na saa ya ukutani. Niliwaandikia waandaaji kuhusu ndugu na dereva. Dereva wamekubali kumwalika katika awamu ijayo; kuhusu ndugu bado wanajadiliana, nami nitaendelea kuwasihi.