Sato wa mzee pale Mwaloni Kirumba, hata mwenye kombati anashika kizibo

Nimekula pale mara nne ndo nikaona niandike, maana mara ya kwanza mtu unaweza ukawa umebahatisha tu. Kibanda hakina jina wala bango, ukifika Kirumba hapa Mwanza ukaanza kushuka kuelekea soko la samaki la Mwaloni we uliza kwa mzee wa vizibo, kina mama wa dagaa watakuonyesha. Ni mabati, benchi tatu, meza za plastiki, na ziwa hilo hapo mbele.

Tuanze na samaki. Sato ni wa siku hiyohiyo, anachanjwa mistari mitatu kila upande, chumvi, ndimu, tangawizi kidogo, anawekwa kwenye mkaa polepole mpaka ngozi inakauka inapasuka ukiigusa na nyama ya ndani bado ina maji yake. Ugali unachagua, wa muhogo au dona. Kachumbari ina pilipili mbuzi ya ukweli kwahiyo angalia. Mchemsho nao upo, ila mi nasema chukua wa kuchoma. Sahani elfu nane, sato mkubwa elfu kumi.

Ila kilichonifanya niandike ni vizibo. Ukifika tu unachukua kizibo cha soda kwenye kopo la maziwa, kimeandikwa namba kwa maka peni, unakaa, binti yake anaita namba. Hakuna cha nani anajuana na nani. Jumamosi moja mi nina 14, kaingia mwanajeshi na mabaka yake kamili, kijana mrefu, buti zinang'aa, na nyie mnajua inavyokuwa, watu tukaanza kusogea wenyewe kabla hajasema kitu, jamaa mmoja akainuka kabisa ampishe. Mzee hata hakugeuka vizuri, yuko na samaki wake, akasema "Karibu afande, shika kizibo ukae." Akashika. Akapata 19. Akakaa benchi moja na wabeba mizigo wa Mwaloni kama dakika arobaini hivi, na alipoitwa akamwambia yule binti asante dada. Basi, hakuna aliyevimba wala aliyedhalilika.

Hiyo kitu ilinigusa kwa sababu miaka kadhaa nyuma, sehemu nyingine kabisa ambayo siitaji, nilikuwa kwenye foleni na mama yangu, anaumwa magoti, tumesimama tangu asubuhi. Akaja mtu kavaa suruali ya mabaka na fulana nyeusi, akapita mbele moja kwa moja. Mama akamwambia taratibu, "mwanangu, kuna foleni." Yule mtu akamwangalia chini mpaka juu akasema "unanijua mimi nani?" Mama akanyamaza, na njia nzima kurudi nyumbani hakuongea. Kama alikuwa mwanajeshi kweli au ile suruali kainunua mnadani, kwa mama yangu ilikuwa ni yaleyale. Ndo maana Agosti 2023 JWTZ walipotoa siku saba watu wasalimishe sare na nguo zinazofanana na za jeshi, na wengine wakalalamika kwamba ni nguo tu, mimi nilikuwa upande wa jeshi. Si nguo tu jamani. Vitani sare inamfanya mpiganaji ajulikane ili raia naye ajulikane, asiyeshika silaha asiguswe, hiyo ni nguzo mojawapo ya sheria za vita. Sasa unaivaa ili umnyamazishe mama wa watu kwenye foleni?

Mara ya tatu nilienda mapema nikamkuta mzee anawasha mkaa, nikampa mwangaluka yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, nikamuuliza hii ya vizibo kaitoa wapi. Akaniambia alikwenda vita ya Kagera akiwa mgambo, ana miaka ishirini na moja. Historia tunaijua toka shule, mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavuka mpaka, yakachukua eneo lote mpaka mto Kagera, wakaua watu, wakaswaga ng'ombe kwa maelfu, daraja la Kyaka nalo likalipuliwa siku hizohizo. Novemba 2 Mwalimu akasema sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Lakini mzee anachokumbuka zaidi ni magari. Anasema waliondoka na malori na mabasi ya watu binafsi, yeye alipanda lori ambalo bado lina vipande vya pamba vimenasa kwenye mbao, mwenye lori mwenyewe ndo anaendesha. Na huko Kagera watu waliokimbia makwao hawana kitu, mama anatoa ndizi zilizobaki anawapa na hajui hata majina yao. "Mimi nililishwa na raia mpaka Kampala," akasema, "nitampitaje raia kwenye foleni?"

Kampala waliingia Aprili 11, 1979, na anasema kilichomshangaza ni maduka matupu. Hapo ndo alinieleza habari ya mafuta mingi, maana Amin alipowafukuza Waasia 1972 maduka yao mengi yaligawiwa kwa wanajeshi na watu wake, raia wakawapa jina hilo. Waliuza walichokikuta rafu zikabaki hivyohivyo, sukari na chumvi zikawa za kutafuta kwa tochi. Serikali yenyewe iliingia kwa bunduki 1971, sasa nani angemwambia afisa alete hesabu ya duka.

Na mzee hasifii upande wetu tu, hapo ndo nilimheshimu zaidi. Nilimuuliza habari ya Masaka, ule mji wa Uganda. Akakaa kimya muda, akachochea mkaa, akasema mji ule walioupiga ni wao, Februari 1979, majengo yakabomolewa kulipiza ya Kagera, na majengo yale yalikuwa ya watu kama hawa, akanyoosha mkono kwa kina mama wanaoanua dagaa. Hakuongeza kitu.

Mara ya nne ndo nilimpeleka mama. Wamekaa wakaongea mambo ya kisiwa cha Saanane, mama alikuwa binti mdogo hapa mjini ile Machi 1979 ndege ya Libya ya kumsaidia Amin ilipokuja kuipiga Mwanza, mabomu yakakosa yakaangukia kisiwani kwenye hifadhi, yakaua swala. Mama anasema bibi aliwaingiza wote chini ya kitanda na sufuria la ugali likabaki jikoni likaungua, mpaka leo akisikia harufu ya ugali ulioungua anakumbuka ile siku. Mji mzima huu, wauza samaki, watoto wa shule, ungepigwa kwa ajili ya ugomvi wa wenye majeshi. Mi nimeishi Mwanza maisha yangu yote hiyo ya ugali sikuwahi kuisikia, nimeisikilizia pale kibandani.

Mapungufu yapo. Lipa namba hana, beba keshi. Benchi ya kushoto inayumba. Maji ya kunawa siku moja yalikuwa ya baridi na hakuna sabuni, nilimwambia binti akaleta, lakini ingetakiwa iwepo. Na samaki wakiisha wameisha, saa nane mchana unakuta anaosha jiko, hata uwe nani. Nenda saa sita.

Mama alipata namba 6, akala akamaliza mpaka kichwa, tumefika nyumbani Nyakato ndo akakiona kizibo bado kiko kwenye pochi. Jumamosi nakirudisha.