Jiwe hai au jiwe kavu: lipi litakupa mwani wa zambarau?

Ule utando mgumu wa zambarau, waridi na wekundu unaofunika mawe ya tangi la kufugia samaki wa maji ya chumvi ni mwani wa koralini, mwani unaojijengea mwili wa chokaa. Tatizo ni kuuanzisha.

Jiwe hai, lililotolewa kwenye tangi kongwe likiwa bado limeloa, huja na mwani wenyewe. Likikaa kwenye mkondo mzuri wa maji, chembe za uzazi husambaa hadi kwenye vioo na pampu. Lakini halisafiri peke yake. Aiptasia, anemoni mdogo anayeweza kuota upya kutokana na kipande kidogo tu, hupenda sana kudandia. Kumng'oa ni kazi ya kukatisha tamaa, na mara nyingi unamwongeza badala ya kummaliza.

Jiwe kavu halina wadudu na aghalabu ni nafuu. Ila halina mwani pia. Kwanza litavaa utando wa kahawia wa diatomu (mwani mdogo wa seli moja), pengine na nyuzi za kijani, ndipo doa la waridi lionekane, hesabu miezi. Mawe mengine makavu hutoa fosfati, chumvi ya fosforasi, na fosfati nyingi huzuia chokaa kujengeka.

Kwa vyovyote, maji yawe thabiti: kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, na ualkali (uwezo wa maji kupunguza makali ya asidi) usioyumba.

Mimi ningechukua jiwe kavu, kisha nimwage ndani unga wa mwani uliokwanguliwa kwenye kioo cha tangi lisilo na aiptasia.