Makaburi ya Wakapuchini, Palermo: Nenda, Lakini Soma Kwanza

Tuanze na mataya. Miili mingi iliyosimamishwa ukutani katika makaburi ya chini ya ardhi ya Wakapuchini, watawa wa Kikatoliki wa mji wa Palermo, Italia, iko vinywa wazi. Mgeni aliyezoea maiti za kwenye tamthilia za upelelezi hudhani anatazama watu waliokufa wakipiga mayowe. Sivyo kabisa. Mtu akifa misuli hulegea na taya hushuka. Saa chache baadaye mwili hukakamaa, na taya nalo hukakamaa palepale lilipo, kisha baada ya siku moja au mbili hulegea tena. Lisipofungwa kwa kitambaa mapema, au kitambaa kikija kuchakaa, litabaki wazi. Mwili ukiendelea kukauka, ngozi hunywea, midomo hurudi nyuma na meno hubaki nje. Ndiyo hiyo hiyo ngozi inayonywea kwenye vidole hadi watu wakaamini kwamba kucha za marehemu huendelea kukua.

Anayeshuka bila kulijua hilo ataona sinema ya kutisha. Anayelijua ataona watu. Maelezo utakayopewa huko chini ni machache kuliko maswali utakayotoka nayo, na hiyo ndiyo kasoro kubwa ya mahali hapa. Kwa mengine yote, ni vigumu kupata sehemu nyingine iliyo wazi kwa umma ambako kifo kinaonekana kwa ukaribu huu na kwa heshima bado.

Wakapuchini walihamia kwenye kanisa la Santa Maria della Pace mwaka 1534, wakawa wanazika watawa wenzao katika shimo la pamoja. Shimo lilipojaa walichimba kumbi mpya chini ya kanisa. Mwaka 1599, katika kuhamisha mabaki, walikuta maiti 45 hazijaoza, sura zao bado zikitambulika. Wakaona ni neema ya Mungu, na badala ya kuzifukia tena wakazisimamisha kwenye vishubaka vya ukutani. Ndugu Silvestro wa Gubbio, wa kwanza kuwekwa katika kumbi mpya, angali hapo. Baadaye wakapokelewa mapadre wa nje, matajiri wa mji, na tangu 1783 yeyote aliyeomba na kuweza kuchangia gharama. Leo miili iliyokaushwa inayohesabika ni zaidi ya 1,200, bila kuhesabu mifupa na majeneza.

Ukaushaji wenyewe ulikuwa kazi ya mikono yenye hatua zake, na ndio unaostahili kueleweka kuliko kitu kingine chochote humo. Maiti ililazwa katika chumba kidogo, juu ya safu ya mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyopangwa kama chaga za kitanda. Mlango ulifungwa miezi minane hadi mwaka. Majimaji yalidondoka kupitia nafasi zilizo kati ya mabomba, na hewa kavu na baridi ya mwambani ikafanya yaliyobaki. Mwili ulipotolewa uliwekwa nje upigwe na hewa, ukaoshwa kwa siki, ukajazwa majani makavu pale ulipobonyea, ndipo ukavishwa nguo. Nyakati za magonjwa ya mlipuko mambo yalikwenda haraka zaidi: maiti ilizamishwa katika maji ya chokaa au ya aseniki.

Siri yote ni mbio kati ya maji na bakteria. Kuoza huanzia matumboni, kwa bakteria tulionao tangu tukiwa hai. Ndiyo maana doa la kwanza la kijani hutokea chini ya tumbo, upande wa kulia. Bakteria hao wanahitaji maji. Majimaji yakitoka upesi kuliko wanavyoweza kuzaliana, kazi yao husimama. Yasipotoka, kwa mfano mwili mnene ukifungiwa mahali penye unyevu pasipo na hewa, mafuta hugeuka kitu kama nta au sabuni. Kwa hiyo usishangae kuona wawili waliosimama bega kwa bega, mmoja ana ndevu na kope, mwenzake kichwa ni mfupa mtupu. Mbinu ni ile ile. Kilichotofautiana ni unene wa mwili, majira ya mwaka, ugonjwa uliomuua, na siku zilizopita kabla hajafikishwa.

Hapo tamthilia za uchunguzi wa jinai zinaumbuka. Daktari wa kwenye runinga huigusa maiti na kutamka kwamba mtu alikufa kati ya saa nne na saa nne na nusu usiku. Daktari wa kweli hupima joto la mwili, huangalia ukakamavu na rangi ya damu iliyotuama, kisha hutoa makisio ya saa kadhaa, kwa kuwa nguo, unene na hali ya hewa vyote hubadilisha kasi ya kupoa. Zikipita siku, makisio hupanuka. Mwili uliokauka kabisa karibu hauna tena saa ya kusomeka. Humo kumbini, tarehe zinatokana na vibandiko vya vifuani, kumbukumbu za watawa na mitindo ya nguo. Hata utafiti wa kisasa hapo huenda polepole: mwaka 2022 ulianza mradi wa kuchunguza miili ya watoto kwa mashine ya eksirei ya kubebeka, bila kukata wala kuchukua kipande, ili kusoma meno, mifupa na dalili za maradhi.

Kumbi zimegawanywa: watawa, mapadre, wanaume, wanawake, mabikira, wenye taaluma, watoto. Ukumbi wa watawa ndio wa zamani zaidi na ndio wa kukaa muda mrefu. Tazama kamba shingoni mwa baadhi yao. Ni alama ya toba, hawakunyongwa. Mabikira wana taji za chuma kichwani. Sehemu ya wanawake iliharibiwa na mabomu ya 1943 na moto wa 1966, na uharibifu huo unaonekana. Nyavu za chuma zilizowekwa kuzuia mikono ya wageni zinachafua mandhari, lakini wa kulaumiwa ni hiyo mikono.

Kwa Mkristo wa Palermo wa wakati huo hapakuwa mahali pa maonyesho. Ndugu wa marehemu walikuja kusali mbele yake, kumbadilishia nguo, na kulipa mchango wa kumtunza. Mchango ukikoma, mwili uliondolewa kishubakani na kuwekwa kwenye rafu hadi familia ilipe tena. Desturi hiyo ilisimama juu ya mambo mawili: Jumatano ya Majivu humkumbusha mtu kwamba ni mavumbi, na Kanuni ya Imani humfanya angojee ufufuko wa wafu. Mwili hapa haukuwa ganda la kutupwa. Ulikuwa mtu anayesubiri. Mtakatifu Fransisko, ambaye Wakapuchini ni watoto wake, aliita kifo cha mwili dada yetu, na ukumbi wa watawa unaeleweka vizuri ukiwa na neno hilo kichwani. Ukilisahau, utabakiwa na burudani ya kutisha tu.

Burudani ndiyo imemtendea vibaya Rosalia Lombardo. Alikufa kwa homa ya mapafu Desemba 1920, akiwa hajatimiza miaka miwili, akawa miongoni mwa wa mwisho kabisa kuingizwa humo. Video za mtandaoni zinadai anafumbua macho. Maelezo ni mepesi: kope zake hazikufungwa kikamilifu tangu mwanzo, na mwanga wa madirishani unapobadili pembe kadiri siku inavyosogea, kivuli kinasogea nao. Ajabu ya kweli ni kazi ya Alfredo Salafia aliyemhifadhi. Fomula yake iliyoandikwa kwa mkono ilipatikana mwaka 2009: sehemu moja ya gliserini, sehemu moja ya formalini iliyokolezwa salfeti na kloridi ya zinki, na sehemu moja ya alkoholi iliyokolezwa asidi ya salisili. Formalini huua bakteria, alkoholi husaidia kukausha, gliserini huzuia ukavu usipite kiasi, asidi huzuia ukungu, na zinki hukaza mwili usibonyee mashavuni. Picha za ndani zimeonyesha viungo vyake bado vipo, ubongo ukiwemo. Sasa yuko katika sanduku la kioo lenye naitrojeni. Utepe wa nywele zake bado umefungwa.

Kuhusu kufika: kutoka Piazza Indipendenza fuata Corso Calatafimi kwa miguu, kisha kata kuingia Via Pindemonte hadi Piazza Cappuccini, ni mwendo usiozidi dakika 20 hivi. Pahala hufungwa kwa mapumziko ya mchana, kwa hiyo usipange kufika saa saba. Kiingilio ni euro chache. Chini kuna ubaridi hata wakati wa joto, beba kitu cha kujifunika. Kupiga picha hairuhusiwi, na katazo hilo ni la haki kwa watu hawa ambao wengi bado wana majina. Dakika 40 zinatosha kupita. Tenga saa nzima kama unataka kutazama. Mtoto aeleweshwe kabla ya kushuka, hasa habari ya mataya, la sivyo sehemu ya watoto itamwelemea.

Usiondoke bila kukitafuta chumba cha kukaushia. Wengi hukipita kwa sababu hakina uso wa kukodolea macho. Inama utazame mabomba: ni udongo ule ule wa vigae vya paa, na nafasi kati ya bomba na bomba si pana.