Nembo moja au herufi A hadi G?

Nembo ya Blauer Engel ya Ujerumani, inayotolewa kwa bidhaa zisizodhuru sana mazingira na iliyoanza 1978, ni ya kupata au kukosa. Mnunuzi mwenye haraka anaielewa papo hapo. Ila bidhaa inayochafua mazingira haionyeshi chochote, na mtengenezaji aliyekwisha kupata nembo hasukumwi kujitahidi zaidi mpaka masharti yakazwe.

Lebo ya nishati ya Umoja wa Ulaya hupanga kila friji kwa herufi, A ikiwa bora na G mbaya kabisa, hata ile inayobugia umeme. Hiyo ndiyo nguvu yake: hakuna mtengenezaji anayetaka G mlangoni. Tatizo ni kwamba friji zilirundikana kwenye A+, A++ na A+++, tofauti zikafifia, hadi Machi 2021 ngazi ikarudishwa A hadi G.

Kwa vifaa vya umeme nachagua herufi bila kusita. Kwa rangi za ukutani, nembo inatosha.